Mzee Funga na Kengele ya Maji

Mume wangu hawezi kukaa mahali ambapo bomba linadondosha. Si bomba letu tu, bomba lolote. Kwenye harusi ya mdogo wangu aliacha chakula mezani, akazunguka nyuma ya ukumbi kutafuta tone alilolisikia yeye peke yake, akarudi suruali imelowa hadi magotini wakati watu wanaitwa kupiga picha na maharusi. Picha ile imetundikwa sebuleni kwa mama yangu. Kila mgeni anauliza yule bwana alipatwa na nini, na mama, ambaye mkwe huyu hakumwingia moyoni tangu siku ya posa, hujibu kwamba hata yeye angependa kujua.

Kazi yake ni fundi bomba wa chuo. Funguo za chumba cha pampu zinaning'inia kiunoni mwake, na lile tangi kubwa juu ya paa la jengo la madarasa analijua kuliko anavyowajua ndugu zake. Maji ya mjini huja yanapojisikia. Yakija, tangi linajaa. Yasipokuja, chuo kizima kinaishi kwa kile alichokibana yeye. Ndiyo maana akipita koridoni neno lake ni moja tu: "Funga." Humwambia mwanafunzi anayepiga mswaki, humwambia mhadhiri anayenawa mikono, na mwaka fulani alimwambia mgeni rasmi wa mahafali. Wanafunzi wakambatiza Mzee Funga, jina likamkaa.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kinatazamana na geti la nyuma la chuo, kwa hiyo habari za humo ndani hunifikia zikiwa bado za moto, nyingine kabla hazijatokea. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza haya nimeyajuaje.

Binti yetu alikuwa mwaka wa mwisho hapo hapo chuoni, anasomea kompyuta, analala bwenini na kuja nyumbani Jumamosi na mfuko wa nguo chafu. Amechukua ubishi kwangu na kununa kwa baba yake, mchanganyiko ambao simtakii mkwe yeyote. Mwaka ule alitakiwa kutengeneza kitu chenye manufaa, akijaribu kwa watu, kisha akitetee mbele ya jopo. Bila hicho, hakuna kuhitimu. Yeye alikuwa amechoka kuwaona wenzake wanashinda kwa soda na chipsi, ikifika alasiri wameshika vichwa, wanapanga foleni kwenye zahanati ya chuo kuomba vidonge. Daktari wa zahanati alimwambia kwamba wengi wao hawapi kidonge wala nini. Anawapa glasi ya maji, anawaambia wakae kimya, na wanapona.

Basi akatengeneza programu ya simu. Ukiiweka, unapata tone la maji lenye macho na mdomo. Kengele ikilia, unajaza chupa na kuipiga picha imejaa, unakunywa, unaipiga tena ikiwa tupu. Tone linacheka na idara yako inapata alama. Usipokunywa, tone linanuna, na idara nzima inaona kwamba aliyelinunisha ni wewe. Hapo ndipo alipowashika. Mwanafunzi anaweza kuvumilia kichwa kumpasuka, lakini hawezi kuvumilia idara ya uhasibu imtangulie.

Alimweleza baba yake mambo hayo Jumamosi moja, na mimi nilikuwepo. Aliongea kuanzia chai mpaka vyombo vikaoshwa. Baba mtu aliitikia "vizuri, mwanangu" kila mtoto alipovuta pumzi, macho yamekodolea dari, kwa sababu jirani wa juu alikuwa amefungua bomba na hajalifunga. Ukimwuliza baadaye binti yake anafanya mradi gani, anakujibu kwa fahari kabisa: mambo ya simu.

Programu ilipoanza kazi, mume wangu akaanza kurudi nyumbani ananuka.

Kengele ile ilikuwa inalia kwenye simu zote kwa mpigo, katikati ya vipindi. Vijana wanashuka mbio na chupa kwenda kwenye safu ya mabomba ya kunywea chini ya ngazi. Halafu, baada ya muda ambao kila mwenye kibofu anaujua, wanakimbilia wote kwa pamoja vyooni. Vyoo vyenyewe ni vichache, na visanduku vya maji vinataka nafasi ya kujaa. Huyu anavuta, hamna kitu; yule anaingia juu yake; wa tatu anaweka karatasi. Sitaeleza zaidi, huenda mtu anasoma huku anakula.

"Kuna shetani ameingia kwenye simu za wale watoto," aliniambia huku akivua buti nje ya mlango, maana ndani nilikuwa nimezipiga marufuku. "Inalia, wanakunywa. Inalia, wanakunywa. Utadhani wamepewa adhabu."

"Si maji tu, baba? Afadhali maji."

"Yakiingia ni maji, mama. Mimi nakutana nayo yakitoka." Akakaa kwenye kizingiti, mikono imemlegea. "Aliyeleta ile kengele nikimjua, nampa fimbo ya kuzibulia azunguke nayo siku moja tu. Moja."

Mimi nilikuwa namjua. Alikuwa amenipigia simu mchana ule ule, sauti inaruka kwa furaha: "Mama, huwezi kuamini, wanakunywa. Hata wale wa sheria wanakunywa." Nikanyamaza. Sababu ya kwanza ni kwamba nilitaka mtoto amalize mradi wake bila kunyooshewa fimbo ya kuzibulia. Ya pili, niseme ukweli, ilikuwa inachekesha, na televisheni yetu ilikuwa imeharibika.

Kicheko kilikatika siku mkuu wa chuo alipopanda ghorofa ya pili kujisaidia na kukutana na yale ambayo nimekataa kuyaeleza. Alimwita mume wangu ofisini. Akamwambia kwamba Jumatano inayofuata kuna jopo la miradi, watakuja wageni kutoka nje, na choo kimoja tu kikiziba siku hiyo, kazi anaipa kampuni. Mume wangu alirudi nyumbani, akakaa mezani, hakula. Kwa mtu anayemjua, hiyo ni habari ya kutisha.

"Nimezeekea pale," alisema. "Nikitolewa kwa ajili ya choo, nitamtazama nani usoni?"

Nilimwonea huruma mpaka nikamwekea nyama yangu kwenye sahani yake. Hata hiyo hakuigusa.

Kesho yake akafanya kile ambacho fundi bomba hufanya akishindwa na maji ya chini: akayafuata juu yanakotoka. Chini ya ngazi kuna koki moja inayolisha mabomba yote ya kunywea. Akaibana. Hakufunga kabisa, yeye si mkatili. Aliibana mpaka maji yakawa membamba kama uzi wa kudarizi. Mpaka chupa ijae, tone limeshanuna na kipindi kimeshaanza. Vijana walivumilia kidogo, wakakata tamaa, wakarudia soda zao. Vyoo vikatulia. Mume wangu akarudi nyumbani msafi, anapiga mluzi, akala sahani mbili.

"Kumbe dawa ni kubana tu," aliniambia. "Siku zote hizi nahangaika na fimbo, kumbe kubana."

Mimi nikamwongezea mchuzi. Nilijua Jumamosi inakuja.

Jumamosi ikaja, na mtoto akaja bila mfuko wa nguo chafu. Alikaa kwenye meza ya chakula cha mchana, akaikunja mikono kifuani.

"Wameacha," alisema.

"Wameacha nini?" baba yake akauliza, kwa ukarimu wa mtu aliyekuwa na wiki nzuri.

"Kunywa maji. Matone yote yamenuna. Ualimu walikuwa wanaongoza, sasa hata mmoja hapigi picha. Jumatano nasimama mbele ya jopo, nitawaambia nini? Kwamba ilifanya kazi, halafu ikachoka?"

"Maji gani hayo, mwanangu?"

Nikaona niingilie. "Mwoneshe baba yako simu."

Aliiweka karibu na sahani yake, tone limenuna kioo kizima. Na kabla hajaanza kueleza, kengele ikalia. Nilimwona mume wangu akiitambua. Tonge lilikwama njiani, likarudi kwenye sahani.

"Hii," alisema taratibu, "ni yako?"

"Si nilikueleza, baba? Siku nzima nilikueleza."

"Ulisema mambo ya simu."

"Wewe ndiye uliyesema mambo ya simu."

Akatazama dari, ikawa haina msaada. Lakini mume wangu ana sifa moja iliyonifanya nimkubali wakati mama anapiga kelele: hajui kuficha. "Yale mabomba ya chini ya ngazi," alisema. "Nimeyabana mimi."

Mtoto aliigeuza simu, tone likaangalia meza. Akauliza kwa nini, kwa sauti ndogo, na baba yake akamwambia yote: visanduku vitupu, fimbo, ghorofa ya pili, mkuu wa chuo na ile kampuni. Alieleza kwa ufundi hata mimi nikasogeza sahani yangu pembeni. Binti yangu, ambaye kwa muda wote ule alikuwa amejua kila chupa iliyojaa na kila chupa iliyokwisha, alikuwa hajawahi hata kidogo kujiuliza maji yale yanakwenda wapi.

"Kwa hiyo mimi nikifaulu, wewe unafukuzwa," alisema.

"Na mimi nikibaki, wewe unafeli."

Nikawaambia chakula kinapoa. Hakuna aliyenisikia. Mtoto akaondoka kwenda bwenini kwake alasiri ile ile, baba akaingia chumbani, na nyumba ikajaa ule ukimya wao wa kurithishana.

Mimi siwezi kushona nikiwa na jambo moyoni; nachoma vidole. Nilikuwa nimemshonea mtoto koti la kuvaa siku ya jopo, nikaona njia ya kuingia chuoni niwapatanishe. Kifungo kimoja nilikishikiza kwa uzi mmoja tu, makusudi, nikampelekea koti Jumanne. Jumatano asubuhi akanipigia: mama, kifungo kimetoka. Nikamwambia asijali, nafunga kibanda nakuja.

Nilimkuta kwenye korido ya ghorofa ya kwanza, nje ya chumba cha mikutano. Ndani walikuwa wamekaa mkuu wa chuo, msimamizi wa mradi, daktari wa zahanati na wageni wawili wenye tai, kila mmoja na chupa ya maji mbele yake. Mtoto aliwawekea ili waonje mradi wenyewe, na walikuwa wanaonja kwa bidii, maana feni ilikuwa imegoma na mlango umeachwa wazi kwa joto.

"Umeongea na baba yako?" nilimwuliza huku nakaza kifungo kifuani pake.

"Hapana. Lakini lile tatizo nimeshalimaliza."

"Umelimaliza vipi?"

"Mama, naitwa."

Akaingia. Nikashuka chini kumtafuta baba yake, nikamkuta karibu na vyoo vya chini. Alikuwa amepanga ndoo ukutani, zimejaa maji ya kumwagia vyooni, ndoo zote za chuo, na kati yake nikaziona mbili za kwangu nilizokuwa nimezitafuta tangu Jumapili. Chini ya ngazi mabomba yalikuwa yanatoa maji kwa nguvu zote.

"Umefungua," nikamwambia.

"Tangu Jumatatu. Kama ni kufukuzwa, wanifukuze maji yakiwa yanatoka. Mtoto amalize." Alikuwa amelowa na ananuka kazi, na sikumbuki siku niliyompenda kuliko ile.

Tukasimama kusubiri kengele. Saa yake ikafika. Akainua kichwa, akasikiliza. Kimya. Akatazama saa, akaitikisa, akasikiliza tena. Kengele aliyoilaani wiki zote zile ilikuwa hailii, isipokuwa kwa mbali sana, chumba kimoja mwisho wa jengo, ambako masikio yake yaliyozoea bomba hayakufika.

"Imeharibika," alisema, na uso ukamwanguka. "Leo hii. Mbele ya wageni."

"Ngoja kwanza, baba."

Hakungoja. Alichukua spana yake kubwa, akaenda kwenye darasa la kwanza, akafungua mlango bila kubisha. "Kunyweni maji," alisema.

Mhadhiri aliyekuwa ubaoni akageuka. "Samahani?"

"Chukueni chupa, shukeni mkanywe. Mtoto wa watu yuko kwenye mtihani." Na akaenda mlango wa pili, na wa tatu, akapanda ngazi huku anagonga vyuma vya ngazi kwa ile spana: kunyweni, kunyweni maji, kunyweni.

Sasa jiweke mahali pa wale vijana. Miaka yote mtu huyu amewaambia neno moja tu, wafunge. Leo amekuja na spana mkononi, macho yamemtoka, anawasihi wanywe. Wakaelewa kitu kimoja: maji yanakatika, na si kwa siku mbili. Mmoja akasema hivyo kwa sauti, na basi. Walimiminika kutoka ghorofa zote, wenye programu na wasio nayo, wenye chupa na wenye vikombe, na mhadhiri mmoja akaja na chombo cha maua. Kwa kuwa vijana hawa hawafanyi kitu bila kukipiga picha, wakapiga picha.

Nilikimbia juu. Mtoto alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa kuoneshea picha, wenye tone moja kwa kila idara, anaeleza kwa utulivu. Alikuwa ameigawa kengele. Kila idara sasa ina wakati wake, alisema, ili mabomba na vyoo visizidiwe. "Kwa mfano sasa hivi ni zamu ya uhasibu peke yao," alisema, akaelekeza ukutani. "Wengine wote wametulia."

Ukutani tone la uhasibu lilikuwa linacheka. Kisha likacheka la sheria. Likafuata la ualimu, la uuguzi, la ufundi, mpaka ukuta mzima ukawa meno matupu. Msimamizi alivua miwani. Mgeni mmoja akauliza kama hiyo ndiyo hali ya kawaida.

Mtoto alitazama ukuta. Akasikia spana ikigonga ngazi, akasikia na sauti.

"Hapana," alijibu. "Hicho ni kitu cha nje ya programu."

"Kitu gani?"

"Baba yangu."

Mkuu wa chuo alivumilia mpaka maelezo yakaisha, ndipo akainuka kwa hasira kwenda kumkabili, lakini alikuwa amemaliza chupa yake yote, na kusimama kulimkumbusha. Alipofika koridoni alikuta foleni ya vyooni imepanda ngazi kutoka chini. Alikohoa kile kikohozi cha wakubwa. Hakuna aliyempisha, kwa sababu kila aliyekuwa mbele yake alikuwa na shida ile ile na anaikazia miguu. Ikabidi asubiri zamu. Mume wangu alikuwa mwanzo wa foleni anagawa maji, kila mtu ndoo moja.

"Fundi," mkuu alisema alipofika, kwa sauti ya mtu anayetaka kufanya haraka, "nilikuambia nini kuhusu vyoo?"

"Ulisema kisizibe hata kimoja, mkuu. Hakijaziba. Shika ndoo, wenzako wanasubiri."

Akaishika.

Jopo lilipokusanyika tena likiwa jepesi, walimuuliza mtoto swali moja: bila baba yako kupita madarasani, wangekunywa wangapi? Angeweza kudanganya, ukuta mzima ulikuwa unamcheka kwa faida yake. Akasema ni uhasibu tu, na si wote. Wakamwambia asubiri nje. Tukakaa watatu kwenye ngazi, mimi katikati.

"Nimekuharibia?" baba yake aliuliza.

"Umeniharibia, baba. Kengele ilikuwa nzima. Niliigawa ili vyoo vyako vipumue."

"Hukuniambia."

"Na wewe hukuniambia kwamba umefungua."

"Mnaona faida ya kununa," nikasema. Mtoto alianza kucheka, kicheko kikamgeukia njiani kikawa kilio, akaniegemea begani na kulowesha koti nililolitolea jasho. Baba yake alikuwa anaifuta spana iliyokwisha kuwa safi.

Jibu lao lilikuwa hivi. Mradi haujafaulu wala haujafeli. Urudiwe mwezi ujao, kengele zikiwa zimegawanywa, na daktari wa zahanati asimamie. Kabla ya kumpitisha, jopo linataka kuona vijana wanakunywa kwa hiari yao. Kuhusu fundi bomba, mkuu alisema kampuni isubiri kwanza, maana hajaona kampuni yenye ndoo nyingi vile. Ila siku ya marudio fundi huyo achukue likizo, na asionekane ndani ya geti.

Mume wangu hajawahi kuchukua likizo. Siku yenyewe ilipofika alikuja kukaa kibandani kwangu, kwenye kigoda cha wateja, ameelekeza sikio upande wa jengo la madarasa, anauliza kila nikigeuza kitambaa: "Wamekunywa?" Nikimjibu sijui, anauliza tena. Wateja wawili waliondoka kwa ajili yake.

Kisha kengele ikalia, hafifu, upande mmoja tu. Kupitia geti tukawaona wa uhasibu wanashuka ngazi, taratibu, na chupa zao, bila mtu wa kuwafukuza, wanasimama kwenye mabomba wanapiga soga na kunywa. Wakaondoka. Kengele ikalia upande mwingine, wakashuka wa sheria. Hata wa ualimu walipotoka bado alikuwa ameganda pale pale kwenye kigoda.

"Wanakunywa," nikamwambia. "Baba, wanakunywa wenyewe."

Nilipomgeukia, mashavu yalikuwa yamelowa, na alikuwa ameshika kitu cha kwanza kilichomkaribia mkononi, anajifuta uso nacho. Lilikuwa gauni la hariri la mke wa mkuu wa chuo, nimelimaliza asubuhi ile, linasubiri kupigwa pasi. Nikamwacha ajifute.